Tumbo la Sufrida

Wewe umewahi kuiua boti yako mwenyewe, mchana kweupe, huku unapiga mluzi? Otoniel Anchundia amewahi. Hakuwa amelewa, hakurogwa, wala hakushikiwa fimbo na mtu. Alikuwa na grainda mkononi, kahawa tumboni na imani kubwa kifuani, na ukimwuliza leo kipi kati ya hivyo vitatu kilimponza, atakujibu bila kusita: imani. Kahawa ilikuwa nzuri.

Otoniel ni mvuvi wa Caleta Honda, pwani ya Manabí, mtu wa miguu mifupi na sauti ndefu. Kijiji kizima kinamwita Hotuba. Jina hilo alivikwa siku ya mazishi ya jirani mmoja. Aliombwa aseme maneno mawili matatu, akaanzia bei ya samaki, akapitia serikali, na alipofika kwenye uzima wa milele padri alikuwa amekwisha kaa chini mara mbili. Mwenyewe husimulia kisa hicho kwa furaha. "Waliokuwa hai wote walinung'unika," husema. "Ni marehemu peke yake aliyenisikiliza mpaka mwisho."

Boti yake ni ya faiba, kuukuu, jina lake Maryuri wa Pili. Maryuri ni mkewe. Siku alipoliandika jina lile ubavuni kwa rangi nyekundu, mkewe alimwuliza wa kwanza yuko wapi. "Wa kwanza ni wewe, mpenzi," akasema Otoniel, akidhani amesema jambo tamu. "Mbona basi anayepakwa rangi kila mwaka ni wa pili?"

Boti hiyo ina pacha. Zamani Otoniel na kompadre wake Eladio walikwenda Manta pamoja, wakanunua boti mbili zilizotoka katika kalibu moja, wakazileta nyumbani zikifuatana kama bata. Ya Eladio ikaitwa Sufrida. Eladio alipofariki kwa ugonjwa wa figo, boti ikabaki kwa mjane wake, Doña Eduvigis Mero. Huyo ndiye aliyembeba binti wa Otoniel siku ya ubatizo, kwa hiyo ni komadre wake, na pale kwao komadre si mtu wa kukosana naye hivi hivi. Doña Eduvigis haendi baharini. Anawapa vijana wake boti na mafuta, anachukua fungu la mwenye chombo, na asubuhi anauza korviche juu ya ufuko: madonge ya ndizi mbichi yaliyojazwa samaki na karanga, ya kukaangwa.

Na Otoniel alikuwa amekosana naye, tena kwa hotuba.

Ilikuwa hivi. Katika mkutano wa ushirika wa wavuvi alisimama akapendekeza sheria: asiyelowa hana kura. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Aliwalenga wale matajiri wa mjini wenye boti nane, kumi, wasiojua hata harufu ya chambo, lakini siku ya kupanga bei mikono yao ndiyo ya kwanza kwenda juu. Watu wakapiga makofi mpaka mabati yakaitika. Sheria ikapita. Haikupita wiki, matajiri wakawaandikisha madereva wao kuwa ndio wenye boti, wakaendelea kupanga bei kama kawaida. Aliyepoteza kura katika ufuko mzima alikuwa mtu mmoja tu, Doña Eduvigis, kwa sababu hakutaka kusema uongo. Wavu uliotegewa papa ukanasa dagaa mmoja, na dagaa yule alikuwa komadre.

Tangu siku hiyo alimwuzia Otoniel korviche bila kumtazama usoni. Na bila samaki ndani, Otoniel huapa.

Basi sakafu ya Maryuri wa Pili ikaanza kubonyea. Ukikanyaga karibu na injini inadidimia kidogo, kama godoro. Chini ya sakafu ya boti kama ile kuna mihimili miwili mirefu ya mbao, inatoka tezi kwenda omo, imefungwa ndani ya faiba kama maiti ndani ya sanda. Hiyo ndiyo inayolishika tumbo. Ikioza, boti ni bakuli tu lililofungwa injini. Otoniel aliigonga kwa nyundo. Mahali pa kulia ko, ikalia bu, kama boga lililolala mvuani. Maji yalikuwa yamepenya. Yalipenya wapi? Kwenye tundu la skrubu alilolitoboa yeye mwenyewe, ili afunge kishikio cha chupa ya soda.

Kijijini kazi hiyo ina utaratibu wake. Unaitisha minga, watu wanakuja na mikono yao na midomo yao. Boti inalazwa vizuri, tumbo linaegemezwa kote. Unatoa mhimili mmoja, unaweka mpya, ndipo unaugusa wa pili. Otoniel anaujua utaratibu huo kuliko Baba Yetu, na amewahubiria wengi. Lakini ukiitisha minga unamwita kila mtu, na kila mtu ni pamoja na komadre. Akaona heri afanye peke yake siku wenzake wako baharini, wakirudi wakute mambo yamekwisha. Hotuba ya kuwajibu watakapomsifu alikuwa amekwisha kuitunga.

Boti ilikuwa juu ya magogo mawili, moja mbele na moja nyuma, vilevile ilivyovutwa kutoka majini. Akajifunga kitambaa puani, akawasha grainda. Vumbi la faiba linawasha kama upupu, lakini Otoniel alikuwa anapiga mluzi. Mhimili wa kwanza ulitoka vipande vipande, mweusi na laini kama masimbi ya kahawa. Akasimama akautazama wa pili. Akili ikamwambia ngoja. Grainda ikamwambia twende. Akaisikiliza ile yenye kelele zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyofanana na yeye.

Alipomaliza akaenda nyumbani, akala mchuzi wa samaki na karanga, akalala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Aliporudi, Maryuri wa Pili alikuwa ameshusha tumbo. Katikati ya magogo yale sakafu ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na mbavu zimetanuka. Benchi la katikati, ambalo siku zote lilibana pande zote mbili, sasa lilikuwa na nafasi ya kuingiza kiganja kila upande. Otoniel aliingiza kiganja. Akakitoa. Akakiingiza tena, kana kwamba mara ya pili boti ingemwonea haya.

Akaleta jeki ya gari. Akainua hapa, pakavimba pale. Akainua pale, pakazama hapa. Maryuri alikuja akamkuta ameketi mchangani, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka magoti.

"Umekata yote miwili," akasema Maryuri. Hakuuliza.

"Nilitaka kuokoa muda."

"Umeuokoa. Sasa una muda mpaka ufe."

"Maryuri, nitaweka mihimili mipya hivi hivi, nitaibana kwa kamba..."

"Ikigandia imepinda itakuwaje?"

Otoniel alijua. Faiba haina msamaha. Ukiweka mbao mpya ndani ya tumbo lililolegea, resini, ile gundi ya faiba, ikishakauka, boti itabaki imelegea maisha yake yote. Itachota maji kwa pua, itavuta upande mmoja, na hakuna atakayeketi ndani yake isipokuwa anayetafuta njia fupi ya kumfuata Eladio. Na mvuvi asiye na boti Caleta Honda hufanya nini? Huomba nafasi katika boti ya mwingine, huketi pale mbele panapopigwa na mawimbi, na hupewa fungu la mwisho. Angekuwa na umri wa babu na cheo cha kijana wa chambo.

"Wewe ndiye uliyesema mkutanoni kwamba bahari ndiyo karani wetu," Maryuri akamwambia, akimpangusa vumbi masikioni kwa upindo wa aproni. "Karani amekufuta jina."

Kesho yake manyunyu yalikuwa yanashuka, yale ya baridi ya katikati ya mwaka yasiyolowesha wala kukauka. Otoniel alishuka ufukoni mapema kwa sababu nyumbani hapakukalika. Vijana wa Doña Eduvigis walikuwa wanaisukuma Sufrida majini. Wakasukuma, wakaruka ndani, injini ikaguruma, wakaenda. Na pale boti ilipokuwa imelala, Otoniel akaona shimo. Halikuwa shimo la kuchimbwa. Lilikuwa umbo la Sufrida, limechapwa ndani ya mchanga mbichi, mstari wa katikati umenyooka, mashavu ya pande zote mbili yamelingana, safi kama meno ya mtoto juu ya jibini. Wimbi likaja likalijaza. Wimbi la pili likalifuta.

Otoniel akapiga magoti pale pale, akaugusa mchanga.

Kalibu moja! Tumbo lile ndilo tumbo la boti yake, kama lilivyokuwa kabla hajalikabidhi kwa grainda. Ukiilaza Sufrida juu kabisa, maji yasipofika, ukaumwagia mchanga maji mpaka ushibe, ukaiinua taratibu, utabaki na kitanda. Ukiilaza ile mgonjwa katika kitanda hicho, mchanga utaisukuma kila mahali sawasawa, italazimika kukumbuka ilikuwaje. Ni wazo zuri, na Otoniel anakiri kwamba ni mojawapo ya mawazo mazuri matatu ya maisha yake. Mengine mawili hayakumbuki.

Lilikuwa na kasoro moja tu. Kasoro hiyo ilikuwa imesimama juu ya ufuko, imevaa aproni, inageuza korviche katika mafuta.

"Buenas, komadre."

Doña Eduvigis akageuza donge la ndizi. "Mangapi?"

"Sikuja kula."

"Basi umeziba njia ya wanaokula."

Nyuma ya Otoniel hapakuwa na mtu. Alikuwapo Don Ulbio Quijije tu, mwenyekiti wa ushirika, mzee mwenye boti kuukuu kuliko wote, ambaye alikuwa amekwisha kula na sasa alikuwa anakula kwa masikio.

"Komadre, nahitaji Sufrida. Si kwenda nayo baharini. Nahitaji tumbo lake, kwa mchana mmoja."

Akamweleza. Alipofika mahali pa kusema kwamba mihimili ameikata yote miwili kwa pamoja, Don Ulbio alikohoa kahawa. Doña Eduvigis akaweka kijiko chini, kwa mara ya kwanza akamtazama.

"Juu ya magogo mawili?"

"Juu ya magogo mawili."

"Wewe? Uliyemsimanga Eladio wangu saa nzima kwa sababu aliegemeza boti kwa matairi?"

"Mimi huyo huyo."

"Na hii Sufrida ndiyo ile uliyokuwa unasema imetoka kalibu wakati fundi amesinzia? Kwamba yako ni mkate wa kwanza na yangu ni makombo?"

"Komadre, nilikuwa natania."

"Miaka yote hiyo? Ulikuwa na pumzi." Akachukua tena kijiko. "Sawa."

"Sawa?"

"Vijana wakirudi, utaipata. Lakini mimi siku ile ya mkutano nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na jenereta, sikusikia vizuri. Nasikia ulisema maneno mazuri sana. Nataka uyaseme tena. Ufukoni, mbele ya watu, neno kwa neno. Usipunguze."

"Komadre, afadhali uniombe fungu la samaki."

"Samaki ninao. Sina burudani."

Mchana ule ufuko ulijaa. Habari kwamba Hotuba atahutubia kwa kulazimishwa ilikwenda hadi kijiji cha pili, na waliokuwa na kazi waliziacha. Sufrida ilirudi, ikapakuliwa samaki, na watu wakaiinua kwa mabega, wanaume kwa wanawake, wakaiweka juu ya mchanga uliomwagiwa ndoo na ndoo za maji. Ikazama kidogo, ikatulia. Otoniel akapewa kreti la samaki asimame juu yake. Pembeni yake Maryuri wa Pili ilikuwa imelala imebwaga mbavu kama shahidi wa upande wa mashtaka.

"Haya, kompadre," akasema Doña Eduvigis, ameketi kwenye kiti cha plastiki kilicholetwa mahususi. "Usione haya. Mbona siku ile hukuona?"

Otoniel akasafisha koo. "Ndugu wavuvi," akaanza. "Bahari ndiyo karani wetu. Anayetaka sauti na ailipie kwa chumvi mgongoni..."

"Mgongo wako mkavu!" mtu akapiga kelele.

"...Mtu ambaye boti yake haijagusa maji, ana haki gani ya kutuambia sisi..." Hapo sauti ikapungua. Aligeuka akaitazama boti yake. Watu nao wakageuka wakaitazama.

"Endelea, endelea! Ana haki gani?"

"...Ana haki gani ya kufungua kinywa mbele ya wanaofanya kazi?"

Kicheko kilichopanda pale kiliwarusha ndege wa baharini angani. Kijana mmoja alianguka mchangani. Maryuri, mke, alijifunika uso kwa aproni, mabega yanatikisika. Otoniel akaendelea mpaka mwisho, maana alikuwa ameahidi, na kila sentensi aliyoitunga kwa ajili ya matajiri wa mjini ilikwenda moja kwa moja kumpiga yeye kifuani. Alikuwa mnafiki aliyeketi kivulini. Alikuwa kupe. Kuna mahali alikuwa amesema "mtu wa suruali kavu", akaitazama suruali yake, akaona ni kavu. Mwenyewe hukiri kwamba ilikuwa hotuba bora kuliko zote alizotoa, na kwamba tatizo lake lilikuwa moja tu: alikuwa anaisikia.

Aliposhuka kwenye kreti hakuwa anacheka. Alimwendea Doña Eduvigis akainama. "Komadre, sheria hii ni ya kipumbavu. Nitaiondoa."

"Si ya kipumbavu," akasema Doña Eduvigis. "Imekosea mlango tu. Mkutano ujao utasimama uipeleke kwenye mlango wake, na mimi nitakuwa nimekaa mbele, mbali na jenereta." Kisha akawageukia watu. "Mmekuja kucheka tu? Inueni!"

Wakainua. Sufrida ikatoka mchangani kwa sauti ya busu refu, ikaacha tumbo lake pale. Hakuna aliyethubutu kukanyaga karibu. Wakaibeba Maryuri wa Pili, iliyolegea mikononi kama mgonjwa anayehamishwa kitanda, wakaishusha pole pole. "Kushoto kidogo! Kushoto kwangu, si kwako! Nani amekanyaga? Ng'ombe wewe!" Ikaingia. Kwa muda haikufanya lolote. Wakaongeza magunia ya mchanga ubavuni. Kisha ikalia, kriii, kutoka omo hadi tezi, na Otoniel akaingiza kiganja chake pale kwenye benchi. Hakikuingia. Akajaribu kidole. Kikakwama, na machozi yakamtoka.

"Mwacheni alie," akasema Maryuri. "Ni miezi miwili sasa hajaoga vizuri."

Kazi ikaanza. Mbao mpya za laureli zikalazwa, zikapimwa kwa pimamaji, zikafunikwa kitambaa cha faiba tabaka juu ya tabaka. Turubai lilishikwa juu kwa mikono ili manyunyu yasiingie kwenye resini. Kila mtu alikuwa na maoni juu ya kiasi cha dawa ya kugandisha, na Otoniel, aliyekuwa ameapa kunyamaza, alidumu kimya mpaka ndoo ya kwanza. Akaongeza dawa kidogo tu kwa sababu ya baridi. Ndoo ikafuka moshi, ikaganda na brashi ndani yake. Doña Eduvigis akaichukua ile ndoo kwa mpini wa brashi, akaizungusha watu waione. "Ubongo wa kompadre," akasema, "siku ya mihimili."

Walimaliza giza likiingia. Otoniel aliwatazama watu wale wakijikuna mikono kwa upupu wa faiba, wakigombania korviche za mwisho, na akatamani sana kusema neno la shukrani. Alisema: "Asanteni." Wakasubiri mengine. Hayakuja. Don Ulbio alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya jogoo akashuka na uzi wa nailoni. Akaufunga omo, akauvuta mpaka tezi, akapiga magoti akaufuata kwa jicho moja. Kisha kwa jicho la pili, maana hakuliamini la kwanza. Uzi ulikaa. Akaupanda ule mhimili mpya kwa miguu miwili, akaruka. Boti haikusema kitu. Akaruka tena, akacheka peke yake kama mwendawazimu, na ndipo alipozisikia kelele za mashine.

Zilitoka upande wa pili wa ufuko. Vumbi jeupe lilikuwa linapanda nyuma ya vibanda. Otoniel alikimbia pekupeku. Alipozunguka kibanda cha mwisho alimwona Don Ulbio Quijije, mwenyekiti wa ushirika, amepiga magoti ndani ya boti yake kuukuu, amejifunga leso puani, grainda inalia mikononi. Boti ilikuwa juu ya magogo mawili. Mhimili wa kwanza ulikuwa mchangani, umekatwa vipande vipande. Na wa pili pia, karibu wote.

"Don Ulbio! Simama! Acha, mzee, acha!"

Mzee akazima mashine, akashusha leso, akatabasamu kama mtu aliyewahi foleni. "Hotuba! Nimewahi kabla mchanga haujakauka. Unakata yote miwili, halafu unaomba tumbo. Si ndivyo inavyofanywa sasa?"

Otoniel akatupa macho ufuko mzima: boti ya mzee haikuwa na pacha. Mbele ya macho yake, taratibu, kama mtu mzima anayeketi baada ya kushiba, boti ya Don Ulbio ilishusha tumbo.